Kabla ya kung'oa nanga: kuandaa mwito wa dhiki wa kidijitali

Kitufe chekundu cha dhiki kwenye redio ya VHF (redio ya mawasiliano ya baharini) hutuma kile tu ambacho redio inakijua. Anza basi na MMSI, namba ya chombo yenye tarakimu 9. Linganisha iliyomo ndani ya redio na iliyo kwenye cheti, tarakimu moja moja. Kama chombo kimepata mmiliki mpya, badilisha pia taarifa za usajili, la sivyo waokoaji watampigia simu mmiliki wa zamani. Redio nyingi hujifunga baada ya namba kuingizwa mara moja au mbili, na kuifungua ni kazi ya fundi, kwa hiyo usiiingize kwa pupa.

Halafu tazama kioo cha redio. Latitudo, longitudo na saa zinaonekana, na saa inakwenda? Kama hazipo, mara nyingi tatizo ni nyaya za kutoka GPS zilizolegea au kuliwa na kutu. Mahali ulipo panaweza kuingizwa kwa mkono, lakini pasahihishwe si chini ya mara moja kila saa 4. Kwa maoni yetu, mahali pa jana ni pabaya kuliko kukosa mahali kabisa, kwa sababu waokoaji watakwenda huko huko.

Umeme ndio unaodanganya zaidi. Kupokea hutumia umeme kidogo, lakini kutuma kwa wati 25 huvuta ampea 5 hadi 6 kutoka betri ya volti 12. Kiungo chenye kutu kinaweza kukuacha usikie kila kitu vizuri, kisha redio ikazimika pale unapotuma. Pima volti huku mtu mwingine akiwa anatuma. Kagua pia antena na kiungo chake, maana maji ya chumvi yakiingia humo, umbali ambao redio inafika hupungua.

Usijaribu mfumo kwa kitufe cha dhiki. Tuma mwito wa majaribio kwa MMSI ya chombo jirani, au ya kituo cha pwani (huanza na 00), usubiri jibu. Mwito wa kidijitali hupita kwenye chaneli 70, ambayo ni ya data tu, hapaongelewi.

Kila aliyemo chomboni ajue hatua hizi: inua kifuniko, shikilia kitufe sekunde 3 hadi 5 mpaka redio ithibitishe, kisha sema "Mayday" (neno la kimataifa la kuomba msaada wa dharura) mara tatu kwenye chaneli 16. Redio hurudia mwito yenyewe kila baada ya dakika 4 hivi mpaka ujibiwe. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, usizime redio ukanyamaza: futa mwito, kisha vitangazie vyombo vyote kwenye chaneli 16 jina la chombo, MMSI na kwamba hakuna dhiki.