Jinsi ya kumsoma mchoraji kupitia picha zake: tuanze na Irma Stern

Mimi ni fundi wa mabango hapa Majengo, Dodoma. Tangu mashine za kuprinti mabango zijae mjini, brashi imebakiwa na kuta za saluni, malori na chekechea, kwa hiyo mchana huwa tuna nafasi. Nafasi hiyo naitumia kukaa na vijana wangu tukitazama picha za mchoraji mmoja mpaka maisha yake yaanze kuonekana. Unaweza kufanya hivyo nyumbani kwako ukiwa na simu, bando na hela kidogo ya steshenari.

Chagua mchoraji mmoja tu. Wengi hukimbilia Frida Kahlo wa Meksiko, na siwalaumu: mwenyewe alijichora tena na tena, ukitaka habari ya mwili ulioumia au ya ndoa yake na Diego Rivera, utaikuta mle mle kwenye picha. Lakini Frida anakutafunia. Mimi nawaanzishia vijana Irma Stern wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1966. Huyu alikuwa mtu wa kuchora wengine, kwa hiyo ukimtaka itabidi uulize alikuwa anamtazama nani, wapi, na mwaka gani. Halafu alifika Zanzibar mara mbili, 1939 na 1945, akachora watu ambao mavazi yao hatuhitaji kuelezwa na mtu.

Wasifu wake usiuguse kwanza. Hapo ndipo vijana hunibishia, maana wamezoea kugugo kabla ya kutazama. Ukishasoma kwamba mtu aliachika, hata bakuli lake la matunda utaliona lina huzuni.

Pakua picha kama kumi na tano hivi. Chukua zenye mwaka na mahali. Nyumba za mnada na makumbusho huweka picha kubwa zenye maelezo hayo. Zisizo na mwaka ziache hata kama ni nzuri. Rangi usiziamini sana, kwa sababu simu moja itakuonyesha njano ya ndizi na nyingine njano ya haradali kwenye picha ileile. Printi nne nne kwenye karatasi ya A4, zikate, andika mwaka na mahali kwa nyuma. Kisha zipange sakafuni kuanzia ya zamani kabisa, usimame uzitazame kwa pamoja.

Macho yatafute mahali panaporuka. Kwenye safu yetu ya kwanza kabisa yuko mtoto wa kike mwembamba, macho makubwa, ameshika maua. Picha hiyo inaitwa *The Eternal Child*, ya mwaka 1916, Ujerumani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zinafuata za Afrika Kusini. Halafu Dakar, 1937 na 1938. Zanzibar, 1939. Kongo, 1942. Zanzibar tena, kisha Kongo tena mwaka 1946. Swali analoliona hata mwanafunzi wa juzi: huyu mama aliyeanzia Ujerumani mbona hapaonyeshi tena? Chukua penseli, andika swali hilo kwenye karatasi na uliache lilivyo. Mambo yote ya kukisia yanaandikwa kwa penseli. Biro ina siku yake.

Sasa toa picha moja kwenye safu uikalie. Sisi tulichukua *Arab in Black*, ya Zanzibar, 1939. Kazi ya kwanza ni kutaja vilivyopo bila kueleza maana: mwanamume, vazi jeusi, uso umeelekea wapi, mikono ipo au haipo, nyuma yake pana rangi gani. Ukisema "ana hekima" umeshatoka kwenye picha. Sema ana ndevu, basi.

Kisha vuta kwa vidole mpaka uone njia za brashi. Hapa fundi ana faida, lakini hata asiye fundi ataona. Rangi ya Irma ni nzito, imelazwa na kuachwa bila kulainishwa, na brashi inageuka upande kufuata shavu au mkunjo wa nguo. Mtu anayeogopa kukosea hachori hivyo. Na mtu anayehesabu tyubu hachori hivyo pia: mimi rangi ya mafuta naichanganya na thina mpaka inililie, kwa hiyo nikiona rangi imerundikwa kiasi kile nashuku mchoraji ana uwezo. Penseli: "alikuwa na hela?"

Tahadhari moja kubwa: picha nyingi za mtandaoni zimekatwa fremu. Tafuta zenye fremu. Kazi nyingi za Irma za Zanzibar zimewekwa ndani ya mbao za kuchongwa za kulekule, zenye nakshi za aina tunayoijua kwenye milango ya Mji Mkongwe. Mchoraji aliyerudi na watu kwenye turubai akarudi pia na mbao za kuwazungushia, huyo alikuwa mnunuzi na mkusanyaji. Ukishalijua hilo, rudi kwenye picha zake za maua, ambazo watu huziruka wakidhani ni mapambo. Yaache maua, tazama chombo yalimowekwa, kitambaa cha chini, na kinachochungulia pembeni. Kuanzia mwaka 1927 hadi kufa kwake aliishi nyumba moja mjini Cape Town, The Firs, akaijaza vitu alivyokusanya, na vitu hivyo vinatokea kwenye picha hizo. Kwangu mimi, picha za maua ndizo zinazokuingiza ndani kwake.

Tulipokuwa kwenye huyo mzee wa vazi jeusi, binti mmoja ninayemfundisha akauliza, "Fundi, huyu babu hakuulizwa jina?" Swali hilo usiliache nyuma. Pitia safu nzima uhesabu waliotajwa kwa jina na waliotajwa kwa kabila au nguo tu. *Arab in Black*, *Bahora Girl*, *Arab Priest*: watu wa mji ambao kila mmoja alikuwa na ukoo na mtaa wake. Mwanamke mzungu, msafiri, kwenye nchi iliyotawaliwa na Waingereza, aliwatazama kwa makini hivyo bila kuacha majina yao kwenye picha. Mimi nalihesabu hilo kuwa sehemu ya maisha yake sawa na ndoa au safari. Kijana mwingine alinipinga, akasema biashara ya picha ndiyo ilitaka majina hayo. Tuliandika yote mawili kwa penseli.

Wa Dodoma, ukitaka kuona mbinu hii inaishia wapi, panda gari la Kondoa ufike Kolo. Michoro ya mapangoni kule, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, haina jina wala mwaka wa mchoraji. Utaona wekundu uliopakwa juu ya wekundu mwingine, utaona mkono mwembamba na mkono mzito. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliikalia mwaka 1951 akiinakili umbo kwa umbo. Mchoraji mwenyewe humpati.

Kwa Irma, siku ya biro ikifika fungua wasifu na utembee na karatasi yako. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, Ujerumani ilifungika kwake, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza Ulaya yenyewe ikawa haiendeki. Swali la kwanza limepata biro. Suala la hela nalo linapita, alitoka familia yenye uwezo. Utakutana pia na mambo ambayo picha zetu hazikuyasema kabisa: alikuwa na mume, Johannes Prinz, wakaachana mwaka 1934, na maonyesho yake ya kwanza Cape Town, mwaka 1922, yalimfikishia hadi polisi kwa madai ya kukosa maadili. Kisio lililoshindwa likate mstari mmoja, usilifute.

Fuatilia pia picha ilikokwenda baada ya kuuzwa, lakini iandike kwenye karatasi nyingine. *Arab in Black* iliwahi kuingia kwenye mnada wa kuchangia utetezi wa Nelson Mandela na wenzake kwenye kesi ya uhaini, na mwaka 2015 ikakutwa jikoni kwenye nyumba moja London, imebandikwa bili na barua kama ubao wa matangazo. Ni hadithi tamu, na kwa utamu huo watu hurukia kusema Irma alikuwa mpigania uhuru. Picha ikishatoka mkononi mwa mchoraji inaanza maisha yake yenyewe.

Ukimaliza na huyu, tafuta Theresa Musoke wa Uganda, aliyesoma Makerere na kuishi miaka mingi Nairobi. Wanyama wake wanajificha ndani ya rangi, kwa hiyo printi kubwa kidogo, mbili kwa karatasi.