Kupunguza uzito kidogo kidogo: anza na asilimia tano na mzani wa kuaminika

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeambiwa kliniki "punguza uzito" akarudi nyumbani bila kujua apunguze kiasi gani. Nimeuandika baada ya kumsaidia shangazi yangu wa Kihesa, hapa Iringa. Ana presha, na alishakata tamaa akidhani lazima arudie umbo la usichana.

Hatua ya 1: Piga hesabu

Zidisha uzito wako kwa 5, gawanya kwa 100. Mwenye kilo 84 anatafuta kilo 4.2 tu. Kwa kiasi hicho presha, sukari na mafuta ya kwenye damu huanza kushuka kwa watu wengi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 na kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliokuja kupata kisukari kati yao walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa waliotumia metformin, dawa ya kisukari, walikuwa pungufu kwa asilimia 31.

Hatua ya 2: Pima vizuri

Soma hapa taratibu, maana wengi huachia hapa. Lengo ni kama nusu kilo kwa wiki mbili, ilhali mwili hupanda na kushuka kilo moja au zaidi ndani ya siku moja kwa sababu ya maji na chakula. Ukipima ovyo, mafanikio yako hutayaona kabisa.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, ukishatoka msalani na kabla ya chai. Weka mzani juu ya saruji, si kwenye zulia wala udongo. Juni na Julai baridi yetu hutuvalisha sweta na kitenge juu ya kitenge, na nguo hizo zinaweza kufika kilo nzima. Vaa gauni lilelile jepesi kila mara. Wanawake, siku za karibu na hedhi maji huongezeka, msishtuke.

Usichanganye mizani. Leo wa stendi, kesho wa duka la dawa, hapo hulinganishi chochote. Mzani unaozidisha kilo zilezile mbili kila ukipima bado utakuonyesha kinachopungua. Unaobadilika badilika haufai. Ujaribu hivi: panda, soma, kisha panda tena umeshika dumu la lita 10 lililojaa maji. Tofauti iwe kilo 10 na ushee. Rudia, jibu likibadilika, achana nao.

Huna mzani? Chukua tepu ya fundi cherehani, ambayo mimi naipenda kuliko mzani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kubana tumbo. Hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Hatua ya 3: Badilisha jambo moja

Watu hukimbilia kuacha ugali. Mimi nasema anza na mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori 120 hivi, na mboga ya mnafu ikimiminiwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu hunywa vijiko vingi. Pima kwa kijiko. Likizoeleka hilo, geukia soda, au ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kama ndio msimu wake. Chai za "kukata tumbo" usinunue: nyingi huharisha tu, na kinachotoka ni maji.

Hatua ya 4: Tembea

Dakika 30, siku tano kwa wiki. Mwenye magoti mabovu aanze tambarare. Mlima wa Ipogolo usubiri.

Hatua ya 5: Rudi kliniki

Anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenclamide amwambie daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Wa presha naye apimwe mara kwa mara, dozi huenda ikabadilishwa; asiache dawa mwenyewe.

Majirani nao watasema. Huku kwetu aliyepungua hudhaniwa anaumwa, na shangazi aliogopa hilo kuliko presha yenyewe. Nusu kilo kwa wiki mbili haiwapi watu cha kunong'ona. Lakini uzito ukishuka bila wewe kufanya lolote, hasa kama unakohoa, unatoka jasho usiku au una kiu isiyoisha, nenda kapime kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na sukari wiki hiyohiyo.