Mpapase mtetea kabla ya kulipa

Ukinunua kuku wa mayai sokoni Kampala, manyoya yanayong'aa yasikudanganye. Anayetaga sana mara nyingi huwa amechakaa. Mgeuze, upapase mifupa miwili ya nyonga chini ya mkia. Vidole viwili au vitatu vikienea katikati, anataga. Kikienea kimoja tu, mwache. (Kwa mtemba ambaye hajaanza kutaga, kipimo hiki hakifai.) Tundu lake la kutokea yai, chini ya mkia, liwe pana na lenye unyevu.

Nyumbani mpe chakula cha kutagia, gramu 120 hivi kwa siku, na maji yasikauke kamwe. Maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa yawekee chombo chake. Yakikosekana, ganda la yai huwa jembamba, linapasuka kiotani, kuku wanaonja ute, na wakishazoea kula mayai ni shida kuwaachisha.