Hamburg na watoto: mwongozo kwa familia ya Unguja na Pemba

Mtu akitaka kuwapeleka watoto Ulaya kwa siku chache, wengi humtajia Paris au London. Mimi namwambia aende Hamburg. Ni mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, na mtoto wetu akifika hahitaji kubembelezwa aupende. Kuna boti, kuna maji yanayojaa na kupwa, kuna maghala yaliyojengwa kwa ajili ya mizigo kama ile iliyotoka kwetu, na kuna kaburi la binti wa Sultani aliyezaliwa Mtoni. Nasomesha historia skuli ya sekondari, na naona mtoto huelewa mji wa kigeni pale anapoanza na kitu anachokijua. Hamburg vitu hivyo haviishi.

Siku nne zinatosha. Msipange zaidi ya mambo mawili kwa siku, khasa mkiwa na mtu mzima kama tulivyokuwa sisi na mama mkwe wangu.

Wakati gani

Likizo zetu ndefu ni za Juni na Disemba. Chagueni ya Juni. Disemba kule jua linatoka kiasi cha saa mbili na nusu asubuhi na linazama saa kumi jioni. Mtazunguka gizani na baridi itawachosha watoto kabla ya adhuhuri. Juni ni kinyume chake: jua linazama kiasi cha saa nne kasoro dakika kumi usiku, na giza lenyewe haliingii sawasawa mpaka kunapambazuka tena. Kwa hiyo jipangeni mapema kuhusu sala. Magharibi inaingia wakati ambao kwetu watoto washalala, na isha inafika usiku mkubwa. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na safari hii ndiyo pahala pa kuitumia. Watoto walazeni kwa saa, msingojee giza, na mapazia yafungwe vizuri. Saa zetu zimetangulia zao kwa saa moja majira hayo, kwa hiyo usingizi hauvurugiki sana.

Nguo: hata Juni inaweza kunyesha mvua ya baridi yenye upepo. Koti la mvua lenye kofia ni bora kuliko mwavuli, maana upepo wa mtoni unaugeuza mwavuli nje ndani.

Viza

Hapa pana kazi, na pafanyeni kwa utulivu. Viza ni ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na maombi yanafanyiwa Dar, basi nauli za boti ziingieni kwenye hesabu tangu mwanzo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukikataliwa, ada hairudi. Mnaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini msikae mkangojea siku hizo 15. Kuanzia miaka 12 lazima mtu achukuliwe alama za vidole, kwa hiyo aende mwenyewe.

Bima ya safari iwe inalipia matibabu yasiyopungua euro 30,000 na iseme wazi kwamba inatumika nchi zote za Schengen. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe vile vipya vya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kile cha zamani kilichochakaa kisiwapotezee muda dirishani. Akisafiri mzazi mmoja, mwengine aandike idhini na ithibitishwe.

Swali kubwa la anayesoma faili lenu ni hili: watu hawa watarudi? Kila karatasi ijibu swali hilo. Barua ya kazini inayotaja tarehe ya kurudi kazini, barua ya skuli inayosema muhula unaanza lini, hati ya nyumba au shamba kama mnayo, na taarifa ya benki inayoonesha mshahara ukiingia mwezi kwa mwezi. Fedha nyingi iliyoingia ghafla wiki iliyopita inazua maswali. Na kama mna ndugu kule anayetaka kubeba gharama, barua yake ya mkono haitoshi. Kuna hati rasmi anayoitia saini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, nayo inamfunga kisheria. Wifi yangu aliichukua hiyo, na faili letu likawa jepesi.

Kufika na kulala

Kutoka Unguja njia rahisi ni kupitia Istanbul. Mkishuka Hamburg hakuna haja ya teksi: treni ya S1 inaondokea chini ya uwanja wenyewe na inafika stesheni kuu kwa kiasi cha dakika 25. Stesheni hazina vizuizi vya kukatia tiketi, unaingia tu, lakini wakaguzi wanapanda bila ya kutangaza na faini ni euro 60. Ulizieni tiketi ya kundi ya siku nzima, ambayo watu hadi 5 husafiri pamoja. Ya bei nafuu siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Tiketi hiyohiyo inafaa kwa treni, basi na boti za mtoni, na hizo boti ndizo zitakazowapendeza watoto.

Sisi tulilala mtaa wa St. Georg, nyuma ya stesheni kuu. Barabara ya Steindamm imejaa mikahawa ya Waturuki, Waarabu na Waafghani, nyama ni ya halali, na msikiti wa Centrum, wenye minara iliyopakwa rangi nyeupe na kijani, upo hatua chache tu. Usiku karibu na stesheni kuna walevi. Tangulieni kurudi mapema na msiwaachie watoto mikono.

Tembeeni na chupa mbili tupu za maji mkobani. Ya kwanza ni ya kunywea, kwa sababu maji ya bomba kule yananyweka bila ya kuchemshwa. Ya pili ni ya chooni, kwani vyoo vyao ni vya karatasi tu.

Mtoni

Hamburg haipo baharini. Ipo kwenye mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini. Hata hivyo maji yanajaa na kupwa pale mjini, na tofauti yake inapita mita 3. Waambieni watoto hivyo kabla ya kufika Landungsbrücken, gati kubwa linaloelea, kisha waacheni wagundue wenyewe. Wangu walikaa kwenye daraja la kushukia gatini wakalitazama: asubuhi lilikuwa limelala karibu sawa, na tuliporudi mchana lilikuwa limeinama kwenda chini mpaka bibi yao akashika chuma kushuka. Mtoto aliyekulia Forodhani akitazama maji ya bamvua anaelewa hapohapo kwa nini gati limetengenezwa lielee.

Pandeni boti nambari 62 inayokwenda Finkenwerder. Watalii wengi wanalipa pesa ya ziada kwa ziara ya bandari. Boti hii ni ya wananchi, inaondoka mara kwa mara, na tiketi yenu ya siku inatosha. Kaeni juu. Mtapita ubavuni mwa meli za makontena ambazo kwetu hazifiki. Wakati wa kurudi shukeni kituo cha Neumühlen, karibu na ufuo wa Övelgönne. Kuna mchanga, watoto watavua viatu. Kuna na jiwe kubwa la tani 217 lililotolewa chini ya mto mwaka 1999. Lilisukumwa na barafu kutoka Sweden enzi za kale, na watu wanapanda juu yake. Kuogelea msiruhusu, mkondo una nguvu na meli zinaleta mawimbi ya ghafla.

Karibu na Landungsbrücken kuna handaki la zamani lililofunguliwa mwaka 1911, lenye urefu wa mita 426, linalopita chini ya mto. Mnashuka kwa lifti kubwa iliyotengenezwa kubeba magari, mnatembea ndani ya ukuta wa vigae vyenye picha za samaki na viumbe vya mtoni, mnatokea ng'ambo na kuuona mji wote mbele yenu. Mtu wa miguu halipi.

Maghala

Kutoka hapo mnakwenda Speicherstadt, mji wa maghala ya matofali mekundu ulioanza kujengwa mwaka 1883. Ni mwaka uleule ulipojengwa Beit al-Ajaib, na nimeona watoto hulikumbuka hilo kuliko tarehe nyengine yoyote. Maghala yamesimama juu ya nguzo za miti zilizopigwa kwenye matope, na kati yake mna mifereji ambayo mashua zilipita maji yakijaa. Kahawa, chai, mazulia na viungo vilivutwa juu kwa kapi ambazo bado zinaonekana kwenye paa. Hamburg ilikuwa na mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1859, na kampuni za mji huo zilikuwa na nyumba Mji Mkongwe.

Katika ghala mojawapo kuna makumbusho ya viungo. Ni madogo, lakini mtu anaruhusiwa kushika na kunusa. Pale ndipo mama mkwe wangu, mtu wa Wete, alipochukua uongozi. Alitwaa punje ya karafuu, akaibonyeza kichwa kwa ukucha kutazama mafuta, akanusa, akaitoa hukumu yake. Kisha akawaeleza wajukuu jinsi karafuu zinavyochambuliwa na makonyo kutengwa, zikaanikwa juu ya majamvi, na mtu mmoja kuwekwa atazame wingu. Wazungu wawili waliokuwa karibu wakasimama kusikiliza bila ya kuelewa hata neno. Kama mna mzee wa shamba, mpelekeni. Mtoto anahitaji kumwona bibi yake ni mjuzi katika nchi ya watu.

Mtaa huohuo upo Miniatur Wunderland, reli ya treni ndogo za kuchezea iliyo kubwa kuliko nyengine yoyote duniani, yenye uwanja wa ndege ambao ndege zake zinaruka. Kateni tiketi ya saa maalumu kwenye intaneti kabla hamjaondoka Unguja. Foleni ya mlangoni ni ndefu. Tengeni saa tatu. Karibu yake ni Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki uliofunguliwa mwaka 2017 juu ya ghala la zamani la kakao. Pandeni mpaka baraza yake ya mita 37 mtazame bandari, inatosha.

Watoto wa sekondari watakuulizeni kuhusu kisiwa cha Heligoland, kile ambacho Uingereza iliipa Ujerumani katika mkataba wa 1890 uliohusu pia Zanzibar. Boti za kwenda huko zinaondoka Landungsbrücken, lakini safari inameza siku nzima na bahari ile huchafuka. Katika siku nne msiende.

Bibi Salme

Asubuhi moja nzima iwekeni kwa Ohlsdorf. Ni makaburi yaliyofunguliwa mwaka 1877, yenye ukubwa wa karibu hekta 390, yenye miti, maziwa na barabara; mabasi ya abiria yanapita ndani yake, kwa hiyo mzee hachoki. Treni ya S1 inawashusha mlangoni. Kwenye nyumba ya maelezo semeni Emily Ruete, maana ndilo jina lililo kwenye daftari lao, na muombe ramani.

Wasimulieni watoto njiani, kabla ya kufika. Seyyida Salme alizaliwa Beit il-Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said. Alimpenda mfanyabiashara wa Hamburg, akaondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden, akaja kuishi mji huu. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Aliandika kumbukumbu za maisha yake zikatoka mwaka 1886. Alifariki mwaka 1924, na inaelezwa kuwa alizikwa na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuweka miaka yote.

Na jengine msilifiche. Aliandika akitetea utumwa. Jiji la Hamburg lilikipa kiwanja kimoja jina lake, kisha likaliondoa kwa sababu hiyo. Binti yangu aliniuliza kama tunamwombea au hatumwombei. Nilimwambia swali hilo akamuulize babu yake tukirudi, lakini kwamba mtu anaweza kuonewa huruma kwa upweke wake na akapingwa kwa alichokitetea, na historia ninayoisomesha imejaa watu wa namna hiyo. Tulizungumza hayo mpaka kituo cha treni.

Chakula na kurudi

Nje ya Steindamm, samaki ndio salama yenu, ila samaki wa bapa wa mtindo wa Finkenwerder hukaangwa na nyama ya nguruwe. Jifunzeni kusoma Schwein, Speck na Schinken kwenye menyu. Yote matatu ni nguruwe. Kifungua kinywa nunueni Franzbrötchen, mkate wa mdalasini wa mji huo. Chupa za plastiki na makopo msitupe: yarudisheni kwenye mashine ya dukani, na mara nyingi kila moja inarudisha senti 25. Kazi hiyo wapeni watoto, pesa iwe yao.

Zawadi zinunuliwe mwisho Jumamosi. Jumapili maduka mengi yanafungwa, lakini lipo soko la samaki karibu na mto, ambalo majira ya joto linaanza saa kumi na moja alfajiri na kumalizika saa tatu na nusu.

Siku ya kuondoka, pandeni S1 mabehewa ya mbele. Treni hiyo inakatwa vipande viwili kituo cha Ohlsdorf: ya mbele yanakwenda uwanja wa ndege, ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Familia ikae behewa moja, mizigo na watoto pamoja, tangu stesheni kuu.