Kabla hujanunua pampu ya kiwanda, jua unasukuma nini

Wateja wengi wanaofika karakana yangu hapa Singida huanza kwa kuulizia pampu ya hosipawa tano. Nami huwauliza: unasukuma nini? Maji, mafuta, tope au dawa? Jibu hilo ndilo linaloamua aina ya pampu. Hosipawa inakuja baadaye.

Kama ni maji, au kitu chepesi kama maji, chukua pampu ya impela. Impela, yaani gurudumu lenye mapanga ndani ya pampu, inazunguka kwa kasi na kurusha maji pembeni, kisha ganda la pampu linageuza kasi ile kuwa presha. Ukitaka presha kubwa, mfano kulisha boila, tafuta yenye impela kadhaa kwenye shafti moja.

Kisima kirefu kinataka pampu ya kuzama, inayokaa ndani ya maji. Wengi hubisha hapa, lakini pampu iliyowekwa juu ya kisima haivuti maji. Uzito wa hewa ndio unaoyapandisha ndani ya bomba. Usawa wa bahari, hewa inaweza kuinua maji mita 10.3 kwa hesabu, na kwa kazi halisi kama mita 7. Huku kwetu, mita 1,500 juu ya bahari, punguza tena zaidi ya mita moja na nusu. Ukilazimisha, utasikia pampu inalia kama ina kokoto ndani: ni mapovu ya mvuke yanapasuka na kuila impela.

Hesabu ya mota ni hii: zidisha mita za ujazo kwa saa na mita za kupandisha (pamoja na zinazopotea kwenye mabomba), gawa kwa 367, kisha gawa kwa ufanisi wa pampu. Mita za ujazo 20 kwa mita 40 ni 800. Ukigawa kwa 367 unapata 2.2, na kwa ufanisi wa asilimia 60 unafika kilowati 3.6. Hosipawa tano ni kilowati 3.7, kwa hiyo mota hiyo ingechemka mchana kutwa. Weka ya kilowati 5.5.

Sasa mafuta ya alizeti, ambayo ndiyo kazi kubwa huku. Mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, ni karibu mara 50 ya ule wa maji, na asubuhi za baridi za Juni na Julai unazidi hapo. Pampu ya impela inapoteza nguvu nyingi bure. Tumia pampu ya gia: gia mbili zinakamatana, na kila jino linabeba mafuta yake na kuyapeleka mbele. Ila mafuta yakitoka kwenye mashine ya kukamua yana chembe za mashudu, na hizo huchubua gia hadi presha inaisha kabisa. Yaache yatulie kwenye tangi, weka chujio la waya kabla ya pampu, ndipo uyasukume kwenye filta. Na usiizungushe pampu hiyo ikiwa kavu, kwa sababu mafuta hayo hayo ndiyo grisi yake.

Tope la wachenjuaji dhahabu linataka pampu ya tope yenye mpira au chuma kigumu ndani, izungushwe polepole. Dawa kali, chukua pampu ya diaframu (utando unaokwenda mbele na nyuma) inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa. Haina sili ya shafti ya kuvuja. Vitu vizito kama molasi vinakwenda vizuri na pampu ya skrubu, ila mpira ulio ndani yake huungua haraka ukikosa kitu cha kusukuma.

Siku ya kufunga pampu ya impela, bomba la kunyonya liwe fupi na pana, lenye kona chache. Jaza maji, washa pampu huku valvu ya kutolea ikiwa imefungwa, halafu ifungue taratibu. Kama mota ni ya fezi tatu na maji yanatoka kinyonge, angalia mzunguko: huenda inazunguka kinyume. Zima umeme, badilishana waya mbili.

Pampu ya gia ni kinyume chake. Fungua valvu zote kabla ya kuwasha, na usikubali kuinunua bila valvu ya kupunguza presha, maana njia ikiziba pampu hiyo haiteremshi nguvu. Itapasua bomba au kuvunja shafti. Geji ikipanda ghafla, zima mota kwanza, ndipo uguse valvu yoyote.