Somo: Kumwelewesha mwenzako kazini menyu ya 401(k) (kwa tulioko Marekani)

Wakuu, karibu kila kazi huku ina Mswahili mmoja anayeitwa pembeni kila mgeni akikabidhiwa makaratasi ya 401(k), yaani mpango wa akiba ya kustaafu unaokatwa kwenye mshahara, wenye menyu ya mifuko ya uwekezaji ya kuchagua. Kama ni wewe, somo lako hili.

Hatua ya 1: Anza na slipu ya mshahara. Soko la hisa liache kwanza. Mipango mingi humwandikisha mfanyakazi moja kwa moja asipokataa, kwa hiyo mgeni anaona makato na kudhani ni kodi nyingine. Mwonyeshe mstari wenyewe, halafu mchango wa mwajiri. Tuseme analipwa dola 40,000 kwa mwaka, na mwajiri anaongeza senti 50 kwa kila dola hadi 6% ya mshahara. Akiweka 2,400, anaongezewa 1,200. Apige hesabu mwenyewe kwenye simu yake. Mweleze pia kuwa alichochanga yeye ni chake tangu siku ya kwanza. Cha mwajiri huenda kikadai akae kazini miaka kadhaa.

Hatua ya 2: Angalieni pesa iko wapi sasa. Tangu sheria ya pensheni ya 2006, pesa ya asiyechagua mara nyingi hupelekwa kwenye mfuko wenye mwaka wa kustaafu kwenye jina: 2045, 2055 na kadhalika. Unaanza na hisa nyingi. Mwaka ukikaribia, hatifungani (mikopo yenye riba kwa serikali au kampuni) zinaongezwa. Asiyetaka kufuatilia, mmoja unamtosha. Nashangaa wanaochukua 2045, 2050 na 2060 kwa mpigo wakiamini wametawanya hatari. Ndani mna hisa zilezile, jamani.

Hatua ya 3: Ada. Hapa msiharakishe. Tangu 2012 kila mpango lazima umpe mshiriki jedwali la ada, na safu ya kutafuta huandikwa "Total Annual Operating Expenses" au "Expense Ratio". Mfuko wa indeksi unaofuata S&P 500 (orodha ya hisa za kampuni kubwa kama 500 za Marekani) unaweza kuwa na 0.05%, yaani dola 5 kwa mwaka kwa kila 10,000. Mstari unaofuata utakuta 0.75%, dola 75. Atacheka: dola 70 ndiyo nini? Mpe mfano wa Wizara ya Kazi ya Marekani: una 25,000, huongezi kitu miaka 35, faida ni 7% kwa mwaka. Kwa ada ya 0.5% unaishia na takriban 227,000, kwa 1.5% ni 163,000. Dola 64,000 zimekwenda na ada. Kisha nyamaza kidogo, umwache aitazame.

Hatua ya 4: Hisa za mwajiri mwenyewe. Zikiwemo kwenye menyu, mkumbushe Enron, kampuni ya nishati ya Houston, 2001: ilipoanguka, wafanyakazi waliojaza hisa zake kwenye 401(k) walikosa mshahara na akiba kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Usimchagulie. Hata waajiri walipewa mwongozo na Wizara ya Kazi mwaka 1996 unaotenganisha elimu na ushauri. Ukisema "weka mfuko huu", mfuko ukishuka utatafutwa wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, soko likiporomoka kama 2008?
Jibu: Mwaka ule S&P 500 ilishuka 37%. Wa miaka 28 aliyeendelea kuchanga alikuwa ananunua kwa bei ya chini. Wa miaka 63 aliyejaza hisa tupu, huyo aliumia. Muulize mtu umri kabla ya kumuuliza ujasiri.

Swali: Asalaam alaykum kaka. Hatifungani si riba?
Jibu: Wa alaykum salaam dada. Ndiyo maana wengi huikwepa mifuko ya mwaka wa kustaafu, kwani hatifungani zimo. Uliza ofisi ya wafanyakazi kama mpango una akaunti ya udalali ndani yake, ya kununulia mifuko isiyo kwenye menyu. Kupitia hiyo baadhi hununua mifuko inayofuata sharia, kama ya Amana, iliyoanza 1986. Kama haipo, andikeni ombi mkiwa kundi.

Swali: Nikirudi Mwanza moja kwa moja, hela imeliwa?
Jibu: Hapana. Ikizidi dola 7,000, kwa kawaida hawakutoi bila ridhaa yako mpaka ufike umri wa kustaafu. Ukiichukua kabla ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida kuna adhabu ya 10% juu ya kodi. Ukishakuwa si mkazi, mara nyingi hukatwa 30% hapohapo, maana Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania, wala Kenya. Na kabla hujapanda ndege, badilisha anwani na namba ya simu kwenye akaunti. Laini ya Marekani ikifungwa, zile tarakimu za kuingilia hazitakufikia.