Seli ya taa ya dagaa ikianza kuvuja

Siku za giza, zisizo na mbalamwezi, zikikaribia, kibanda changu cha ufundi hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, hujaa. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa hiyo taa mbovu zote huletwa siku mbili tatu kabla hawajarudi ziwani, na kila mtu ana haraka. "Fundi, we unganisha tu, leo usiku tunaingia."

Siunganishi kabla sijanusa. Seli ya lithiamu inayovuja ina harufu tamutamu kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ukiisikia, acha kila kitu, toa pakiti, yaani fungu la seli zilizounganishwa, nje kivulini na upepo uwe mgongoni kwako. Kinachovuja si maji ya betri ya gari. Ni kimiminika kinachoshika moto upesi, chenye chumvi ya florini, na chumvi hiyo ikikutana na unyevu hutoa gesi inayounguza mapafu. Ukanda wa ziwa unyevu hauishi, kwa hiyo usisogeze pua mara ya pili.

Vaa glavu za mpira na miwani. Nyingi ya pakiti hizi zina seli za 18650, yaani upana milimita 18 na urefu 65, kama dole gumba. Mara nyingi inayovuja utaiona upande wa chanya: doa la kunata, au kutu pembezoni mwa kifuniko. Iliyovimba au kubonyea nayo ihesabu ni mbovu, hata kama haijalowa.

Kata vibati vya kuunganishia kimoja kimoja. Usipitishe mkasi kwenye chanya na hasi kwa pamoja. Mimi niliwahi kubandua seli kwa bisibisi ya chuma. Iligusa pande zote mbili, ikatoa cheche, na suruali yangu ina tundu mpaka leo. Siku hizi natumia kipande cha plastiki kilichochongwa, tena taratibu, maana ukitoboa ganda umeanzisha moto mwenyewe.

Seli ikitoka, funga ncha zote mbili kwa tepu ya umeme, kisha ifukie kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu. Mchanga wa ufukweni uanike kwanza juani. Kifuniko kiegemeze tu, usikibane, gesi ipate pa kutokea. Kopo langu hukaa nje juu ya tofali, mbali na mbao na petroli ya injini za boti.

Kimiminika kikigusa ngozi, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi. Jichoni vilevile, halafu hospitali, hata kama maumivu yamepoa.

Ukisikia seli inafanya "sss" au kuanza kutoa moshi, kimbia kwanza, ndipo umwite mwenzako. Moto wa seli hizi unahitaji maji mengi ya kuipoza, kwa sababu seli moja ikichemka huwasha ya jirani. Umwagie ukiwa mbali, usivute ule moshi. Ukizidi nguvu zako, Zimamoto ni 114.

Wateja hupenda kuniuliza kama seli iliyokufa inaweza "kuamshwa". Seli ya volti 3.7 iliyojaa husoma 4.2. Ikisoma chini ya 2 siichaji. Shaba ya ndani huenda imeshaanza kuyeyukia kwenye kimiminika, na ukiilazimisha inaweza kupiga shoti tumboni mwake. Inayovuja hata mita siiwekei.

Kama zilizobaki ni kavu na zinasoma sawa, na zimefungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, taa itawaka bila ile moja, ila kwa saa chache. Usichanganye mpya na za zamani. Mvuvi atalalamika kwamba taa itazima kabla ya alfajiri. Namwambia abebe tochi.

Kopo likijaa nampa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali. Ziwani hazitupwi, wala chooni, wala kwenye moto wa takataka jioni, ambako watoto hupenda kukaa.